NfL imetoka 9 hadi 26: nirudie kipimo maabara nyingine?

MguuGanzi: Wakuu, huu mwaka wa sita naishi na MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Mwaka jana NfL ya damu, kipimo cha neva kuumia, ilikuwa pikogramu 9 kwa mililita, juzi imesoma 26. Dalili mpya sina. Nataka kurudia maabara nyingine kabla daktari hajaona. Usingizi umekata. Mnashaurije?

BintiSubira: Pole mkuu. Mama yangu mdogo aliambiwa figo zimekwisha, tukalia wiki nzima, kumbe damu ya mtu mwingine! Sasa ana wajukuu wanne na anagombana nao wote.

Darubini: NfL ni protini ya kiunzi cha nyuzi za neva. Uzi ukiumia, inavuja hadi kwenye damu, ila haimtaji aliyeuumiza. Kugonga kichwa, figo dhaifu, kisukari, hata umri huipandisha. Na mashine zikitofautiana, namba hazilinganishiki. Unatumia dawa gani?

MguuGanzi: Sijaanguka, figo na sukari safi. Nimeuliza habari ya maabara.

Darubini: Nami nimeuliza dawa.

MguuGanzi: Fingolimod. Nimeacha wiki kumi sasa. Msinirukie: miaka mitatu sijapata shambulio, vipimo vya ini vilipanda, na mwili ni wangu.

MzeeKobe: Dawa si shati, ukisikia joto unavua. Vijana hamsikii.

Darubini: Hapo ndipo penyewe. Dawa hiyo huzuia limfositi, seli nyeupe za kinga zinazoshambulia neva, zisitoke kwenye tezi. Ukiacha, zinarudi kwenye damu, na wengine ugonjwa huwarudia kwa kishindo kuliko mwanzo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya 2018. Kama ini lilisumbua, daktari angekubadilishia. Mpigie leo, uulizie picha ya MRI.

Kitendawili: Chai hii! Wiki iliyopita, kwenye uzi wa humu jukwaani wa jicho kuuma, MguuGanzi huyuhuyu alisema ndiyo kwanza amegundulika. Leo mwaka wa sita?

MguuGanzi: Ule uzi ni wa mdogo wangu. Akaunti tunatumia wote.

Kitendawili: Ukoo mzima ganzi 😂

BintiSubira: Ndugu wawili kuugua MS mbona inatokea? Muwe na utu.

MzeeKobe: Utu upo, ila akaunti moja watu wawili ni utapeli.

Darubini: Iwe chai isiwe chai, wiki kumi ni wiki kumi. Umepiga?

MguuGanzi: Nimepiga. MRI Alhamisi. Damu nitarudia vilevile, maabara nyingine.

Kitendawili: Utapima wewe au mdogo wako?