Kichujio, amplifaya au kipokezi cha pili: kipi kianze ili kunasa ndege za mbali kwenye 1090 MHz?

Kipanga wa Kimara (Dar es Salaam)

Salaam wanajukwaa. Ninanasa ujumbe ambao ndege hutangazia nafasi zake kwenye masafa ya 1090 MHz. Ninatumia kipokezi cha kawaida cha redio cha USB, RTL-SDR, kilichochomekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya readsb inayosoma ujumbe huo, na antena ya wima niliyoifunga kwenye bomba juu ya paa, ambayo kebo yake ya RG-58 inashuka ndani kwa mita 10 hivi. Upande wa bahari, ndege zilizo juu sana ninazifuata hadi kilomita 200, lakini zinazoelekea Dodoma zinapotea mapema zaidi, na upande huohuo ndiko uliko mnara wa simu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Fedha niliyo nayo inatosha kifaa kimoja tu kwa sasa. Naomba mnilinganishie kwa sababu, si kwa sifa za bidhaa.

Mama Anga (Mombasa)

Ndugu Kipanga, kabla ya kuzungumzia vifaa ni vizuri kujua mwisho wa safari uko wapi. Mawimbi ya 1090 MHz husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo upeo unatokana na kimo: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha ndege kwa mita, jumlisha kipeuo cha pili cha kimo cha antena, kisha zidisha kwa 4.12, na utapata kilomita. Ndege iliyo mita 10,000 na antena iliyo mita 10 zinakupa takriban kilomita 425, na hakuna amplifaya itakayoupita mpaka huo katika hali ya kawaida ya hewa. Wewe unapata kama nusu yake. Umbali ukiongezeka mara mbili, mawimbi yanapungua kwa desibeli 6 (yaani nguvu inabaki robo), na hizo 6 ndizo ambazo mita 10 za RG-58 zinaweza kula katika masafa haya.

Kwa sababu hiyo mimi ningeanza na kitu ambacho hukukitaja, yaani kebo. Ile ya dishi, RG-6, kwa urefu huohuo hupoteza takriban desibeli 2 tu. Watu huiogopa kwa kuwa ni ya omu 75 ilhali kipokezi ni cha omu 50, lakini hasara ya tofauti hiyo haifiki hata desibeli 0.2.

Fundi Mawimbi (Nairobi)

Nakubaliana na dada kuhusu kebo, ila nisingependa amplifaya ionekane kuwa nyongeza ya anasa. Tufanye hesabu kwa mfano, tukikumbuka kwamba kelele ikiwa ndogo ndivyo mawimbi manyonge yanavyosikika. Kipokezi chenye kelele ya ndani ya desibeli 3.5, kikiwa nyuma ya kebo inayopoteza 6, kinakuwa na kelele ya mfumo mzima ya 9.5. Ukiweka amplifaya yenye kelele ya desibeli 1 na ukuzaji wa 20 chini, karibu na kompyuta, jumla inashuka hadi 7 na kidogo, kwa kuwa kile kilichopotea njiani kimekwisha kupotea. Amplifaya hiyohiyo ukiipandisha juu, penye shina la antena, jumla inakuwa takriban 1.3. Kifaa ni kilekile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni mahali tu. Ndiyo maana vipokezi vyenye amplifaya na kichujio ndani yake, kama Pro Stick Plus ya FlightAware, kampuni ya kufuatilia ndege, ni vizuri pale kebo inapokuwa fupi, lakini haviwezi kurudisha kilichopotea kwenye kebo ndefu.

Shida yako ni ule mnara. Minara ya GSM hurusha kati ya 935 na 960 MHz, karibu kabisa na masafa yetu, na amplifaya isiyo na kichujio cha kuzuia masafa mengine huyakuza yote pamoja hadi yenyewe au kipokezi kizidiwe, na hapo unapoteza hata ulichokuwa nacho. Fanya jaribio lisilogharimu chochote: shusha ukuzaji wa kipokezi hatua kwa hatua kutoka 49.6, kiwango chake cha juu. Ikiwa idadi ya ujumbe inapanda unaposhusha, umezidiwa, na kichujio ndicho kitangulie. Ikiwa inashuka tu, tatizo lako ni unyonge wa mawimbi, na amplifaya itasaidia.

Msafiri wa Meru (Arusha)

Kipokezi cha pili kinatibu ugonjwa mwingine kabisa. Kwangu Arusha mjini, kilele cha Mlima Meru chenye mita 4,566 kiko upande wa kaskazini, na kwa hesabu yangu kinaziba anga hadi nyuzi 12 hivi kutoka upeo wa macho. Ndege iliyo futi 35,000 ikielekea Nairobi inajificha nyuma ya mlima ikiwa takriban kilomita 45 tu kutoka kwangu. Nilishaweka kichujio, amplifaya na kebo nzuri, na ule upande haukubadilika, kwa sababu mwamba haukuzwi. Kilichofungua kaskazini ni kipokezi kidogo nilichokiweka kwa shemeji yangu Longido, ambacho hutuma data kwangu kwa intaneti, nami ninaziunganisha kwenye readsb moja. Anayelipia bando la simu atumie mpangilio wa kupunguza data, kwa kuwa ujumbe wote ukitumwa ulivyo, bando linakwisha haraka.

Tahadhari moja kwa wanaoshiriki MLAT, ile njia ya kukokotoa mahali pa ndege isiyotangaza nafasi yake kwa kulinganisha muda ambao ujumbe uleule ulifika kwenye vipokezi kadhaa: kila kipokezi kiunganishwe peke yake. Ukichanganya mikondo miwili kwanza, saa zake hazilingani na hesabu yote inaharibika.

Mama Anga (Mombasa)

Hesabu ya Fundi ni sahihi, lakini hapa pwani amplifaya ya juu ya paa huishi maisha magumu. Chumvi huingia kwenye koneta, maji hupenya ndani ya kebo, na kwa kuwa umeme wa amplifaya hupitia kebo hiyohiyo, kutu huanza upesi. Nimezikata koneta nikakuta shaba imegeuka kijani. Atakayepandisha amplifaya azungushie kila kiungo utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe mweusi wa kuzuia jua juu yake, na kebo aiache ining'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke nje. Kupandisha Raspberry Pi yenyewe hadi kwenye antena na kushusha kebo ya mtandao peke yake ni wazo zuri kwenye karatasi, ila sanduku lililofungwa juu ya bati la Dar es Salaam wakati wa kiangazi silipendekezi.

Kipanga wa Kimara (Dar es Salaam)

Nimefanya jaribio la Fundi. Nilipofika 38.6 ujumbe uliongezeka waziwazi, na ndege za upande wa Dodoma zilikaa kwenye ramani muda mrefu kuliko kawaida. Nitanunua kichujio, na kebo ya dishi nimeshaipata kwa jirani aliyehamisha dishi lake. Je, kichujio kikishaingia, nirudishe ukuzaji juu?

Fundi Mawimbi (Nairobi)

Ndiyo, upandishe tena, hatua moja kila siku na kwa saa zilezile, kwa kuwa idadi ya ndege za asubuhi si ya usiku. Usitazame rekodi ya umbali, maana ndege moja iliyobahatika inaweza kuiweka. Kwenye grafu ya nguvu ya ujumbe tazama sehemu ya ujumbe wenye nguvu kupita desibeli −3, yaani karibu na kikomo cha kipokezi: ikiwa ni asilimia chache tu, endelea kupanda, ikianza kukua, rudi hatua moja. Kichujio nacho hupoteza desibeli 2 au 3, kwa hiyo ukija kupata fedha ya amplifaya, chagua ile yenye kichujio katikati ya hatua zake mbili za ukuzaji, kisha uifunge juu kama alivyoeleza dada.