Resini ipi inafaa kushikanisha changarawe za njia ya bustani?

Muulizaji, Mikindani
Ndugu zangu, naomba ushauri. Njia ya kutoka getini hadi barazani kwetu, yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 1, niliimwagia changarawe nyeupe, lakini kila mvua kubwa inaponyesha zinasombwa hadi kwenye majani, na mkongojo wa mama yangu unazama humo mpaka inabidi asimame auchomoe ndipo apige hatua nyingine. Fundi anapendekeza tuzichanganye na epoksi, aina ya resini (gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu), kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kwenye sakafu za ndani. Je, itahimili jua letu?

Fundi, Lindi
Ndugu muulizaji, pole kwa mama. Epoksi hushika sana, lakini jua huigeuza kuwa ya njano, na juu ya mawe meupe njano hiyo haijifichi. Kwa nje ningechagua resini nyingine iitwayo poliyurethani, nayo ina aina mbili: ya aromatiki, ambayo bei yake ni nafuu lakini hubadilika rangi juani, na ya alifatiki, ambayo ni ghali zaidi lakini hutunza rangi. Kama fedha haitoshi, chukua ya aromatiki na ubadilishe mawe, uweke ya kahawia, kwa sababu juu yake mabadiliko hayo hayaonekani sana.

Kwa njia ya waenda kwa miguu, unene wa milimita 15 unatosha ukitumia mawe ya milimita 6 hivi, yaani takriban kilo 300 za mawe kwa eneo lako lote, na karibu kilo 22 za resini.

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Nakubaliana na fundi wa Lindi, ila naomba nisisitize unyevu, kwa sababu ndio ulioniponza. Mwezi wa Machi tulichanganya poliyurethani na mawe yaliyolala nje usiku kucha, ambayo kwa macho yalionekana makavu kabisa. Baada ya muda mfupi povu jeupe lilianza kuchomoza katikati ya mawe, kama uji unaotaka kufurika, maana resini hiyo ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksaidi. Ilipokauka, mawe yalibanduka kwa vidole, tukavunja yote.

Subiri kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mawe ya ufukweni yaoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha yaanikwe juu ya turubai siku kadhaa na kuingizwa ndani kabla umande haujashuka. Anzeni kazi umande ukishakauka, lakini kabla ya jua kali, kwa kuwa joto huifanya resini igande mikononi mwa fundi. Glavu zisikosekane.

Muulizaji, Mikindani
Nawashukuru sana. Je, naweza kuimwaga moja kwa moja juu ya mchanga ulioshindiliwa?

Fundi, Lindi
Hapana, itapasuka, kwa sababu mchanga hutitia. Tandaza kwanza zege la kokoto lisilo na mchanga, ambalo hupitisha maji, uliache likomae na kukauka vizuri. Na kwa ajili ya mama, resini ikiwa bado mbichi, nyunyiza juu ya njia chenga laini za kioo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ili mkongojo usiteleze wakati wa mvua.