Ng'ombe kupimwa stresi ya miezi kwa nywele, hii ipo kweli?

Ngosha wa Buhongwa
Wakuu habari za jioni, nafuga ng'ombe wa maziwa huku Buhongwa, sasa jirani wameanza kulipua miamba ya kokoto na tangu hapo maziwa yameshuka, kuna mmoja akisikia baruti tu anajibana kwenye kona ya banda anatetemeka. Akaja mtaalamu kuchukua damu, ng'ombe kashikwa na vijana wanne na kamba juu, majibu yanasema homoni ya stresi iko juu. Jamani si lazima iwe juu? Mdogo wangu anasoma SUA, chuo cha kilimo, anasema wangechukua nywele. Ananizingua?

Dokta wa Zizi
Hajakuzingua. Kortisoli, ndo hiyo homoni ya stresi, kwenye damu inapanda ndani ya dakika chache mnyama akishikwa, kwa hiyo hapo mmepima purukushani ya vijana wako sio baruti 😂. Nywele zenyewe zinavyokua zinavuta homoni kidogo kidogo toka kwenye damu ya shina na inabaki humo, ndo maana zinakupa wiki mpaka miezi. Nyoa sehemu moja karibu kabisa na ngozi, ziache ziote, halafu nyoa palepale, hizo mpya ni za kipindi hicho tu. Using'oe. Maabara wanaziosha, wanazikausha, wanasaga unga, wanaloweka kwenye methanoli ndo wanapima. Wenzetu Kanada wanapima hata dubu wa porini, wanaweka seng'enge dubu akipita nywele zinanasa, hakuna kumkamata.

Mama Maziwa Igoma
Kama ni wale wa mabaka chukua rangi moja kila mara, nyeusi na nyeupe za ng'ombe yuleyule zinaweza kutoa majibu tofauti. Na za mkiani zinakua haraka kweli ila angalia mavi na mkojo, navyo vina kortisoli, vikigandia inaingia kwenye nywele na kuosha hakuitoi yote.

Mzee wa Magu
Sawa, lakini nywele haziwezi kukwambia ni baruti. Zitasema tu huyu kateseka. Kupe je? Jua? Majani yameisha? Kuzaa nako kunapandisha. Mimi ningeanza na kiwele na homa, hivyo havihitaji maabara.

Dokta wa Zizi
Mzee hapo umenena. Ndo maana namba moja peke yake haina maana, mlinganishe ng'ombe na yeye mwenyewe, nywele za wakati wa baruti na za wakati wamesimama kulipua, na kama una ndugu anafuga mbali na hiyo kelele chukua na za kwake, lishe iwe ileile na wawe wamezaa karibu muda mmoja.

Ngosha wa Buhongwa
Shemeji yangu yupo Misungwi, atakubali. Nikishanyoa naweka kwenye nini, nailoni?

Mama Maziwa Igoma
Nailoni inatunza unyevu baba. Bahasha ya kaki, pakavu, jua lisipige, na uandike jina la ng'ombe, tarehe na sehemu uliyonyoa.