Nimeuziwa pinboli ya 1966 "iliyokarabatiwa kikamilifu". Nimefungua mgongo, nimekuta boksi la sereali

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika na hasira, kwa hiyo mwenye haraka apite tu.

Nimepigwa dola 2,400. Taslimu, mkono kwa mkono, na gari la kubebea nilikodi mwenyewe kama mtu anayejipeleka kwa mwizi.

Niko Illinois mwaka wa kumi na moja sasa. Mchana nafanya umeme wa majengo, wikendi nahangaika na mashine za michezo za zamani, zile za kabla ya kompyuta. Kwa asiyezijua: pinboli ni ile meza yenye mteremko na kioo juu yake, unarusha kipira cha chuma ili kipande juu, kikishuka unakirudisha kwa flipa mbili, vile vibawa vya kupigia mpira. Zilizotengenezwa miaka ya sitini ndani hazina chipu hata moja. Kuhesabu, kukumbuka umebakiza mipira mingapi, kujua mchezo umekwisha, vyote vinafanywa na rilei (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme), koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku), swichi za vibapa, na mota moja inayozungusha visahani vyenye vilima na mabonde. Ukigonga shabaha ya alama 50, mota inazunguka kidogo, visahani vinabonyeza swichi mara tano, na gurudumu la namba za makumi linaruka hatua tano. Ta-ta-ta-ta-ta. Mgongo ukiwa wazi unaisikia inahesabu.

Niliyokuwa naiwinda ni Central Park ya kampuni ya Gottlieb, ya mwaka 1966. Kichwani, yaani lile kabati la wima lenye namba za alama, ina tumbili, na alama zikipanda tumbili anagonga kengele. Kengele ya kweli, ya chuma, wala si sauti ya spika. Mashine yenyewe ina kichekesho chake: ilitengenezwa Chicago, ikapewa jina la bustani ya New York, wakati New York pinboli zilikuwa haramu tangu 1942 meya La Guardia alipoziandama akisema ni kamari, na hazikuruhusiwa tena hadi 1976. Mchezo wa bure ukishinda nao ulitiliwa shaka sehemu nyingine, ndiyo maana Gottlieb walianza tangu 1960 kutoa mashine zinazokupa mpira wa ziada badala ya mchezo wa bure. Central Park nayo ina pacha wake wa namna hiyo, Hurdy Gurdy, mwaka uleule. Basi mimi nilitaka yenye jina la bustani.

Nikaipata kwenye duka moja. Mwenye duka simtaji jina, msinifuate huko ndani. Tangazo linasema imekarabatiwa kikamilifu, inacheza asilimia mia. Nikaenda. Duka linang'aa, taa za rangi, kahawa ya bure. Mashine imepigwa rangi miguu, mpira mweupe mpya kila nguzo, ubao wa kuchezea umepakwa nta unateleza kama sabuni. Nikacheza michezo miwili. Tumbili akagonga. Moyo ukayeyuka.

Hapa nijilaumu kidogo. Mchezo wa pili ulipoanza, magurudumu ya namba yote yalirudi sifuri isipokuwa la makumi, lilibaki kwenye 4. Jamaa akafungua kichwa, akalisukuma kwa kidole, akacheka: "Mashine ya zamani hii bwana, ina tabia zake." Nami, fundi umeme wa miaka yote hii, nikacheka naye. Nikatoa hela.

Siku ya tatu iko kwangu, mwanangu anabonyeza kitufe cha kuanza. Mota ikaanza kuzunguka. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Mtoto ananiangalia, mimi naangalia mashine, chumba kinanuka waya wa moto. Nikachomoa plagi.

Sasa nifafanue ili muone ushenzi ulipo. Ukianza mchezo, mashine inapeleka mapigo kwa kila gurudumu la namba hadi lifike sifuri. Kila gurudumu lina swichi yake ambayo linapofika sifuri inafunguka, maana yake "mimi nimefika, acha kunisukuma". Zote zikishafunguka, rilei ya kuanzia inaachia na mota inasimama. Gurudumu moja lisipofika sifuri, mota haitasimama hata ukiiombea dua.

Gurudumu la makumi lilikuwa halisogei. Kwa nini? Limepuliziwa mafuta. Yale ya kopo, ya kufungulia nati yenye kutu. Siku ya kwanza yanateleza vizuri, baadaye yanashika vumbi na kuwa uji mzito wa rangi ya lami. Jamaa alipoona linakwama, badala ya kulivua na kulisafisha, alichukua kipande cha boksi la sereali, akakikunja mara mbili, akakichomeka kwenye ile swichi ya sifuri ili ibaki wazi daima. Mashine ikadanganyika kwamba gurudumu limefika. Mchezo unaanza, mteja anafurahi, na namba iliyobaki pale inaitwa "tabia". Barabarani gari liliporuka mashimo, kiboksi kikaanguka. Nimekikuta chini ya kichwa cha mashine. Kina nusu ya picha ya bakuli na kijiko. Nimekihifadhi kwenye bahasha.

Dola 2,400, wakuu. Kwa boksi la sereali.

Nikaona basi, tufungue yote. Nikanyanyua ubao wa kuchezea, nikavua kioo cha kichwani, nikaketi sakafuni na tochi. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Swichi zimepigwa msasa. Nasema msasa, wa mbao. Mliowahi kushika gari la zamani, tuseme Peugeot 404, mnazijua platinamu: unazikwangua, unapima mwanya, gari linawaka, maisha yanaendelea. Sasa mtu akaleta akili hiyo hapa. Vichwa vya swichi hizi ni vya fedha, vidogo kuliko punje ya mtama, vina mgongo wa mviringo ili vigusane kwa nukta moja na kujisugua vyenyewe kila vinapokutana. Ukivipiga msasa unaondoa ule mviringo, na chembe za mchanga zinabaki zimezama kwenye fedha. Wiki ya kwanza inawaka, ya pili inapata kigugumizi. Kinachotakiwa ni kijiwe laini cha kusugulia au hata kadi ngumu ya karatasi, unaipitisha katikati mara mbili tatu huku umebana vibapa kwa kidole, basi. Tupa ya kweli inaruhusiwa sehemu chache tu, kama swichi za flipa, kwa sababu hizo ni za tangsteni, na umeme mkubwa unapita pale.

Nimehesabu swichi sitini na kitu zilizokwanguliwa. Nyingine vibapa vimepindwa kwa koleo hadi vina alama za meno.

Halafu waya. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo panaponiuma kuliko yote. Waya za mashine hizi zimevaa nguo, kila mmoja na rangi yake na mstari wake, zimefungwa pamoja kwa uzi wenye nta, kwa mkono. Ukiwa na mchoro wa umeme, lile likaratasi kubwa linalotandazwa kama mkeka, unasoma rangi, unaufuata waya kutoka swichi hadi rilei hadi plagi ya kichwani. Rangi ndiyo ramani. Huyu bwana palipoungua amekata, akaunga kwa waya za spika, nyekundu, zote nyekundu. Saba nimezikuta zinaingia kwenye fungu moja upande huu na kutokea upande ule, na hakuna anayejua nani ni mtoto wa nani. Maungio mengine hayajalehemiwa, yamesokotwa tu na kuvikwa teipu. Na mchoro, ambao kwa kawaida hukaa ndani ya mashine, haumo. Nilipomuuliza akasema ulikuwa "umechakaa" akautupa.

Fyuzi sitaki hata kuisema. Kikadi kando yake kimeandikwa ampea zake, yeye kaweka ya mara tatu. Ile harufu ya siku ya tatu ilikuwa koili inajichoma taratibu na fyuzi inatazama tu. Angeniunguzia nyumba. Flipa nazo kazipaka grisi, wakati pistoni ya koili inatakiwa iende kavu kwenye bomba lake. Bomba la nailoni bei yake ni kama soda.

Nilimpigia simu. Mwanzo alikuwa mpole: lete, nitaangalia. Nikamwambia nimeshaangalia mwenyewe, nikamtajia kiboksi. Kimya. Halafu akaniambia risiti yangu imeandikwa imeuzwa kama ilivyo. Nikaitoa risiti. Ni kweli, chini kabisa, maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Nikamuuliza, imekarabatiwa kikamilifu halafu imeuzwa kama ilivyo, vinakaaje nyumba moja? Akasema mimi si mtaalamu wa mashine hizi, yeye yumo miaka ishirini. Akakata.

Ninachosema ni hiki, na nipo tayari kubishana na yeyote: mashine iliyooza kwenye ghala miaka arobaini, panya wamelala ndani, ni nafuu kuliko iliyopita kwa kanjanja mmoja. Ile ya ghalani makosa yake ni ya haki. Kutu iko palepale ilipoota, waya umekatika pale panya alipotafuna, mchoro ukisema nyeupe na nyekundu unakuta nyeupe na nyekundu. Unafuata mpaka unafika. Ya kanjanja inakudanganya kila hatua, maana kila tatizo limefunikwa na tatizo jingine lililotengenezwa makusudi. Nimetumia wikendi tatu. Mbili na nusu zilikuwa za kuondoa kazi yake. Kasoro za asili za mashine zilichukua Jumapili moja mchana, chai mkononi.

Najua kuna watakaokuja hapa na ule ushauri wao: ng'oa matumbo yote, weka kompyuta na skrini, inakuwa na michezo elfu. Tafadhali, uzi huu si wenu. Ukishang'oa matumbo hujakarabati kitu, umenunua kabati ghali.

Kwa sasa inacheza. Mchoro nimenunua nakala. Waya nyekundu zote nimezitoa, nikaunga zenye nguo za rangi zake, nikalehemu. Stepa, vile visahani vya swichi vinavyosogea hatua moja moja kuhesabu, nimezifungua, nikaosha kila kisahani kwa spiriti na mswaki, na maji yake yalitoka kama chai ya rangi. Taa nimebadilisha zote pia: kaweka namba 44, ambazo kila moja inakula miliampea 250, wakati namba 47 inakula 150, volti zilezile 6.3, na joto linapungua nyuma ya kioo. Mimi nawasha kwa saa nyingi.

Kioo ndicho kimenishinda. Picha yake imechapwa kwa rangi upande wa nyuma wa kioo, na rangi ikishakuwa na miaka hamsini inashika kama unga ulioshika kwenye kinu. Haiguswi. Kuna mtu alichukua dawa ya madirisha na kitambaa, akasafisha kwa nyuma. Ninaiona mikono yake: mistari ya duara, duara, duara, upande wa juu kulia, na kila duara imeondoka na mbingu. Taa zikiwaka pale panatoka mwanga mtupu. Dukani hapakuonekana kwa sababu alibandika karatasi ya samawati kwa nyuma. Karatasi ya zawadi. Ina vinyota, ukiangalia karibu.

Mwanangu anazipenda zile nyota. Kaniomba nisiitoe. Nimeiacha kwanza, lakini kila ninaposimama kucheza macho yanaenda hapo, tumbili anagonga kengele mimi natukana kimoyomoyo.

Jana nimeona ametoa tangazo jingine. Mashine nyingine, maneno yaleyale, asilimia mia, na picha zote zimepigwa kwa mbele. Kama uko maeneo haya na unaifikiria, kabla hujaingiza mkono mfukoni mwambie afungue mgongo na anyanyue ubao mbele yako. Angalia kama kuna waya za rangi moja. Pitisha kidole kwenye stepa, kikitoka na mafuta ondoka. Anza mchezo mara tano mfululizo, utazame magurudumu yote, lisiporudi hata moja usicheke naye. Halafu uliza mchoro uko wapi.

Na kama kuna mwenye kioo cha Central Park ambacho hakijasafishwa na mtu yeyote, hata kikiwa na vumbi la tangu 1966, naomba ujumbe. Usikiguse. Usikifute. Nakuja kukichukua mwenyewe.