Kutembea peke yangu na magongo, Kiserian hadi Magadi. Nijaribu?

Mtu wa Rongai:
Wadau habari zenu. Mguu wangu wa kushoto ulilemaa na polio nikiwa mdogo, natembelea magongo mawili. Tangu Januari napanda Ngong Hills kila wikendi na sasa nataka kutoka Kiserian mpaka Magadi peke yangu, siku sita hivi. Nyumbani wanasema ni wazimu. Mi nimechoka kushikwa mkono kila mahali, nataka safari moja iwe yangu. Lakini usiku naogopa kusema ukweli.

Baba Tatu:
Ndugu, shida kubwa sio kupanda, ni kushuka. Ukishapita Kona Baridi unateremka Bonde la Ufa zaidi ya mita 1,000 na uzito wote unaangukia mabega na viganja, mi natumia gongo moja tu na huko nilitoka malengelenge siku ya pili. Beba mipira ya ziada ya kuvisha ncha za magongo, lami inaimaliza haraka.

Nyakio wa Juja:
Joto la huko chini usilichezee kaka!! Tembea alfajiri, saa nne uwe kivulini. Olorgesailie kuna banda za kulala pale kwa makumbusho, pigia hesabu hapo. Maji je, utabebaje na mikono imeshika magongo?

Mtu wa Rongai:
Mgongoni lita nne, halafu nimeongea na mtu wa boda aniachie mengine Oltepesi. Baba Tatu, uligeuka ama ulimaliza?

Baba Tatu:
Niligeuka. Mwezi wa saba narudi.