Kibali cha kuishi Luxemburg: cheti kimoja kikifika, chengine kimeshaisha muda

Asalaam aleikum. Naufungua uzi huu kwa hasira, na anayetaka maneno ya upole atafute kwengine.

Mume wangu anafanya kazi Luxemburg. Ni mhasibu, cheti chake cha uhasibu cha CPA alikipata hapa hapa Kenya, akaajiriwa kule kihalali. Kibali chake cha kuishi anacho mkononi, nyumba amepanga, bima ya matibabu anakatwa kwenye mshahara. Mimi na mtoto tuko Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Tunachokiomba kimo ndani ya sheria yao wenyewe ya uhamiaji ya tarehe 29 Agosti 2008: mgeni anayeishi kule kihalali, mwenye kipato na makazi ya kutosha, anaweza kuwaita mke na watoto wake wadogo. Hatuombi ukimbizi, wala hatuombi kulishwa na serikali ya mtu. Tunaomba kukaa nyumba moja.

Nieleze utaratibu kidogo, maana wengi wanaoniuliza wanadhani ni viza tu. Kwanza unaomba idhini ya kuishi ukiwa bado huku. Ukienda kwa viza ya matembezi ukaomba ukiwa ndani, ombi halipokelewi. Kwa ombi la familia jibu laweza kuchukua hadi miezi tisa. Idhini ikitoka ina siku 90, na katika siku hizo uombe viza ya muda mrefu, ile wanayoiita D. Ukifika, siku tatu za kazi zisipite hujajiandikisha kwenye ofisi ya mji unaokaa. Baada ya hapo daktari, kipimo cha kifua kikuu, na ndani ya miezi mitatu unaomba kadi yenyewe kwa yuro 80. Yote hayo nayakubali. Nchi ni yao.

Nisichokikubali ni hiki: kila karatasi imewekewa umri, na hakuna aliyeihesabu njia ya kutoka Amu.

Wanataka cheti cha kuzaliwa changu na cha mtoto. Wanataka cheti cha ndoa. Wanataka cheti cha tabia njema cha polisi. Wanataka nakala ya pasipoti nzima, kurasa zote, hata zile tupu, iliyothibitishwa. Ukizitazama hivi si nyingi. Lakini Luxemburg haina ubalozi Nairobi, kwa hiyo karatasi zao hupitia dirisha la nchi nyingine. Na Kenya haimo kwenye mkataba wa Hague wa mwaka 1961, ule unaofanya muhuri mmoja wa serikali yako ukubalike katika kila nchi mwanachama. Burundi imo. Rwanda imo. Sisi tunaojiona wakubwa wa ukanda huu hatumo! Matokeo yake cheti cha Mkenya kinathibitishwa kwanza na waliokitoa, kisha kinapelekwa wizara ya mambo ya nje, kisha kinapelekwa ubalozini. Mihuri yote hiyo iko Nairobi. Wabunge wetu wa Pwani, wenye vijana wao Ghuba na Ulaya kila mtaa, nani kati yao amewahi kusimama bungeni akaulizia jambo hili?

Sasa mtu wa Nairobi atasema, si upande matatu uende. Ndugu yangu, mimi naanzia jetini. Navuka kwa boti hadi Mokowe, nawahi basi alfajiri, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 barabara ile ya Witu hadi Garsen ina vizuizi na mabasi husindikizwa na polisi. Unashushwa, unapanga foleni, unaonyesha kitambulisho, unapanda, mbele kidogo unashushwa tena, na mtoto amelala begani. Usalama ukichafuka, safari hakuna, na hakuna wa kumlalamikia. Ndege ya kiwanja cha Manda, kisiwa cha jirani, ipo, ni kweli, ila nauli yake ni ya wageni wa hoteli, si ya mke wa mtu anayesubiri kutumiwa pesa za sukari. Na mimi ndiye wa karibu! Mamangu yuko Faza, kisiwa cha Pate. Akitakiwa kuja kunitolea ushahidi, mashua hungojea maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda, na kusi ikivuma sana hata hiyo mashua huipati.

Fikirini sasa. Cheti cha polisi ni shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu, unapelekea alama za vidole, halafu unasubiri kitoke. Dirisha nililopeleka wanataka kisizidi miezi mitatu. Ofisi siitaji, wala sina haja ya kuitaja, maana najua si moja. Nilipokuwa na cheti cha polisi kipya, cheti cha ndoa kilikuwa hakijathibitishwa. Cheti cha ndoa kilipothibitishwa, cha polisi kimeshazeeka. Nikalipa tena, vidole tena. Kufika dirishani naambiwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto nacho wanataka kilichotolewa karibuni, si kile cha siku alipozaliwa. Nauliza, mtoto amebadilika tarehe ya kuzaliwa? Karani ananijibu nikae pembeni nimpishe anayefuata.

Na kwa nini hawakuniambia siku ya kwanza? Hili ndilo linalonichoma kuliko nauli. Kila nikifika wanatoa sharti moja jipya, moja tu, wanalisema kama nilipaswa kulijua tangu tumboni. Nikaomba waniandikie orodha kamili, na mhuri wao, ili nikirudi Amu nirudi na jambo moja la kufanya. Wakakataa. Wanasema orodha iko kwenye mtandao. Orodha ya kwenye mtandao nimeichapisha, ninayo hapa, na masharti ya karani hayamo hata nusu.

Halafu maswali yenyewe. Mimi ni Mbajuni wa Faza, nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa, kama nusu ya watu wa rika langu kule. Cheti changu kilitolewa nikiwa mkubwa, kwa usajili wa kuchelewa, jambo linaloruhusiwa na sheria ya Kenya na kila ofisi ya usajili inalijua. Karani anaona tarehe ya usajili, anaona tarehe ya kuzaliwa, anainua macho kunitazama kama nimeiba. Anataka karatasi ya zamani zaidi. Ipi? Faza iliungua mwaka 2009, mamia ya nyumba za makuti zilikwenda kwa siku moja, na kabla ya hapo ilikuwa imeungua mara nyingine. Masanduku ya wazee wetu yaliungua pamoja na nyumba. Nilimweleza. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, hakuniambia ni nini.

Sisi Wabajuni maswali haya tumeyazoea nyumbani kwetu wenyewe, hiyo ndiyo aibu. Kitambulisho changu cha Kenya kilipitia kamati ya kuhojiwa, nikaulizwa babu wa babu alizikwa wapi, wakati mwenzangu wa bara alichukua chake bila kuulizwa hata jina la shangazi. Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba uhakiki ule umekwisha kwa kaunti za mpakani. Alhamdulillahi kwa wanaokuja nyuma. Lakini mimi nilishahojiwa kuwa Mkenya, na sasa nahojiwa upya kuwa mtu.

Kwenye jina ndipo niliposhindwa kuzuia sauti. Fomu yao inataka jina la familia. Mimi nina jina langu, la babangu na la babu yangu. Mume wangu ana lake, la babake na la babu yake. Mtoto ana lake, la babake, la babu yake. Hivyo ndivyo tunavyoitwa Amu, Pate, Siyu, Mombasa, tangu na tangu. Karani akauliza kwa nini jina la mke halifanani na la mume, ndoa hii ni ya kweli? Wallahi aliniuliza hivyo mbele za watu. Mke wa Kiislamu habadilishi jina la babake kwa sababu ameolewa. Na kule Luxemburg kwenyewe, mwanamke akiolewa, karatasi za serikali zinabaki na jina lake la kuzaliwa! Yaani ninavyoitwa mimi ndivyo wanavyoandikwa wanawake wao. Aliyekaa pale dirishani halijui hilo, na asilolijua linanigharimu mimi.

Ndoa yetu ilifungwa Langoni baada ya sala ya isha, msikitini, mashahidi wapo hai wote, walima uliliwa na mtaa mzima. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, pamoja na zetu, nasi tulisajili. Sasa cheti kina tarehe ya nikahi na kina tarehe ya usajili, wanaona kasoro. Wakataka picha za harusi. Wanawake wa Amu mnanielewa. Picha za kupamba, za ukumbi wa wanawake peke yao, hizo hazitoki nje ya nyumba. Nitampelekea karani wa kiume picha ya kichwa changu kiko wazi ili aamini nina mume? Nilipeleka za msikitini, za mume na mashahidi na babangu akitoa idhini. Jibu: mbona bibi harusi hayumo.

Jambo jengine nalisema ingawa litawaudhi wengine. Pale Shela, mwendo wa dakika chache kwa boti kutoka nilipokaa, kuna Wazungu wenye nyumba zao, wengine wanakaa miezi na miezi, na wengi ni watu wazuri, wanatuajiri, sina ugomvi nao. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza. Raia wa Luxemburg anayetaka kuja Amu anajaza fomu ya eTA, idhini ya kusafiri ya mtandaoni, kwenye simu akiwa kitandani, anapata jibu kwa siku chache. Najua hiyo ni ya matembezi na kibali cha kukaa ni kitu chengine. Lakini hakuna anayemuuliza kwa nini jina lake halifanani na la mkewe, wala anayemtaka aje na karatasi za nyumba iliyoungua. Nchi yao ina kilomita za mraba 2,586, Kaunti ya Lamu ni zaidi ya mara mbili yake, na karibu nusu ya wakazi wa Luxemburg ni raia wa nchi nyingine. Wanaishi kwa kazi ya wageni, mume wangu akiwemo. Akilipa kodi ni halali, akimtaka mkewe ndipo shaka zinapoanza.

Na mawakala, msinitajie mawakala. Mmoja wa Mombasa ameniambia kwa elfu kadhaa atanipitishia mlango wa nyuma, ana mtu wake ndani. Kina dada, msimpe mtu pesa kwa maneno hayo. Akighushi hata muhuri mmoja, jina litakaloandikwa kwenye kompyuta yao ni lako, na hapo ndipo utakapokataliwa kwa haki.

Mtoto amejifunza kutembea baba akimtazama kwenye simu. Sasa anaibusu simu, anadhani babake anaishi mle. Mume wangu akimaliza kuongea naye hukata kwanza halafu hunipigia mimi upya, kwa sababu hataki mtoto amwone uso wake. Haya ndiyo yanayoongezwa kila karani anaposema rudi na karatasi moja tu.

Ninachodai kinawezekana kesho wakitaka. Umri wa cheti uhesabiwe siku niliyokikabidhi cha kwanza, si siku ya mwisho wanapofungua faili. Mombasa kuwe na dirisha la serikali yetu la kuthibitisha vyeti vya watu wa Pwani nzima, tusivuke nusu ya nchi kwa muhuri. Kenya iingie mkataba ule wa Hague. Na anayetaka karatasi aitaje kwa maandishi, zote, siku ya kwanza.

NYONGEZA: Naona mnaoniambia nihamie Nairobi kwa muda mpaka mambo yaishe. Kwa kodi ya nani? Mume wangu tayari analipa kodi ya nyumba ya watu watatu ambayo anakaa peke yake, kwa sababu bila nyumba ya kutosha ombi halisogei. Na mama mkwe yuko nami hapa, hajiwezi, nimwache na nani?

Aliyeuliza kwa nini mume asirudi tu nyumbani, kaka, kazi ya uhasibu Amu ipo ngapi? Niandikie nimwambie leo.

Wale mliofanikiwa kupata kibali cha familia Luxemburg mkitokea Pwani, naomba mniandikie mambo mawili tu. Cheti cha ndoa ya Kiislamu kilithibitishwa na nani kwanza kabla ya kupelekwa wizarani, kadhi au msajili wa ndoa? Na cheti cha polisi kilikuwa na umri gani siku kilipopokelewa? Changu cha sasa kimebakiwa na wiki tatu.