Jumba la makumbusho la watoto likipanuliwa: lifungwe, au wageni waendelee kuingia?

Mwanzisha mada (mwalimu mstaafu, Nairobi)

Nauleta mbele yenu mjadala ambao kila mradi wa aina hii huuzua upya, na ambao aghalabu huamuliwa ofisini kabla wazazi na walimu hawajaulizwa. Jumba la makumbusho linalohudumia watoto likihitaji kukarabatiwa na kuongezwa nafasi, je, lifunge milango hadi kazi iishe, au liendelee kupokea wageni huku mafundi wakiwa kazini? Msimamo wangu ni kwamba libaki wazi, na kwamba anayetaka kulifunga ndiye anayepaswa kutoa sababu, tena kwa maandishi, pamoja na tarehe ya kulifungua.

Wakenya tunao mfano wetu. Jumba la Makumbusho la Taifa pale Museum Hill lilifungwa Oktoba 2005 kwa ajili ya ukarabati na upanuzi uliofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya, likafunguliwa rasmi tena mwaka 2008. Halikujengwa kuwa la watoto pekee, lakini yeyote aliyefika pale asubuhi ya siku ya juma, katikati ya muhula, anajua kwamba foleni ya langoni ni ya wanafunzi walioshushwa na mabasi ya shule. Kazi iliyofanyika ilikuwa nzuri, silibishi hilo. Ninachobishia ni hesabu ya muda, kwa sababu miaka miwili na ushei haina uzito mmoja kwa mtu mzima na kwa mtoto. Mwanafunzi aliyekuwa darasa la sita milango ilipofungwa alikwisha kufanya mtihani wake wa KCPE mwishoni mwa 2007, akaiacha shule ya msingi, kabla ya sherehe ya ufunguzi. Habari za Kijana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye mabaki yake yalivumbuliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, alizipata kitabuni na ubaoni, na mwalimu wake hakuwa na pa kumpeleka.

Mfano ninaouegemea uko Boston, Marekani. Boston Children's Museum ilianzishwa mwaka 1913, na tangu 1979 imekaa katika ghala la zamani la matofali lililokuwa la kuhifadhia sufu, kando ya mfereji wa Fort Point. Mwaka 2006 ilianza kuongezewa jengo la vioo lenye takriban futi za mraba 23,000, katika mradi uliogharimu kiasi cha dola milioni 47. Watoto waliendelea kuingia ghalani kwa miezi mingi huku jengo jipya likisimama upande wa maji, na wageni walizuiwa kwa miezi michache tu mwanzoni mwa 2007, hadi Aprili. Hata ile chupa ya maziwa yenye kimo cha futi 40 iliyo uani, ambayo kwa kweli ni kibanda cha vitafunio, ilisogezwa ili kupisha ujenzi. Kama wao waliweza, wenzetu wa hapa watuambie ni nini hasa kinachoshindikana.

Mchangiaji (mhandisi wa majengo, Mombasa)

Shikamoo, Mwalimu. Nimesimamia ukarabati wa majengo ya umma hapa Pwani, na sina ugomvi na mfano wako wa Boston, ila umeruka jambo lililoufanya uwezekane. Wale waliongeza nje kwanza. Jengo linaloongezwa pembeni lina msingi wake, nguzo zake na njia yake ya malori. Ukizungushia uzio wa mabati ulio imara, mtoto aliye upande wa pili atasikia kelele na kutikisika kidogo, basi. Ukarabati wa ndani ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo inayowalaza macho wasimamizi.

Chukulia vumbi. Ukikata zege au kutoboa ukuta wa mawe, unatoa chembe ndogo za silika ambazo jicho halizioni na ambazo pafu halizitoi. Ukikwangua rangi ya zamani, huenda unakwangua madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, hukaa chini sakafuni ambako vumbi hutua, kisha hutia vidole kinywani. Ndiyo maana Marekani, tangu Aprili 2010, mkandarasi anayevuruga rangi katika jengo la kabla ya 1978 linalotumiwa mara kwa mara na watoto wadogo anatakiwa awe na cheti maalumu cha kazi hiyo. Katika jumba la makumbusho la watoto jambo hili ni zito zaidi kuliko penginepo, kwa kuwa vitu vyenyewe vimewekwa ili vishikwe.

Watu husema, “Tutaweka kizuizi.” Kizuizi gani? Niliwahi kukagua kazi ya mkandarasi ambaye sitamtaja, katika jengo ambalo nalo sitalitaja, ambamo ukuta wa plaiwudi ulikuwa umesimamishwa vizuri, umezibwa kwa nailoni nzito na gundi kila pembe, na mlango wake una zipu. Ulikuwa umeishia kwenye dari ya jipsamu. Juu ya dari ile kulikuwa na uwazi wa mkono mmoja unaokwenda jengo zima, pamoja na mabomba ya kiyoyozi. Vumbi lilipanda, likapita juu kwa raha zake, likashukia chumba cha tatu kupitia matundu ya hewa. Tuliligundua kwa sababu asubuhi kulikuwa na alama za vidole vya watoto juu ya kabati ambalo mfagizi aliapa kwamba alilipangusa jioni. Kizuizi cha kweli hufika kwenye slabu ya juu, kiyoyozi cha upande wa ujenzi huzibwa, na mashine ya kufyonza hewa yenye chujio huwashwa upande wa mafundi ili hewa ivutwe kuelekea kwao na isitoke kwenda kwa watoto. Hayo yote ni fedha, na kila awamu mpya huvunja vizuizi vya zamani na kujenga vingine.

Kuna pia milango ya dharura. Ukigawa jumba nusu kwa nusu, mara nyingi umeliondolea njia moja ya kutokea moto ukizuka, na darasa la watoto arobaini halitoki kama watu wazima arobaini. Kwangu mimi, idadi ya wageni wanaoruhusiwa kwa siku lazima ipungue kulingana na milango iliyobaki, hata kama mhasibu atalalamika. Nyongeza ya nje ijengwe jumba likiwa wazi, sipingi. Ila siku unakata zege ndani, funga.

Mchangiaji (mama wa watoto wawili, London)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mimi nasimama upande wa kufunga. Jumba tulilozoea kuwapeleka watoto Bethnal Green, ambalo sasa linaitwa Young V&A, lilifungwa kwa umma mwaka 2020 wakati wa korona na halikufunguliwa tena hadi tarehe 1 Julai 2023, baada ya ukarabati wa pauni milioni 13. Lile jengo lilifunguliwa mwaka 1872, na umbo lake ni ukumbi mmoja mkubwa chini ya paa la chuma, na kumbi za juu zimeachwa wazi kuutazama ule wa kati. Nyundo ikipigwa kona moja inasikika kila kona. Hakuna awamu inayoweza kutengwa humo. Mtoto wangu mmoja hasikilizani kabisa na kelele za ghafla, na nisingemwingiza humo hata kama tangazo la langoni lingesema “Karibuni”.

Halafu, kufunga si lazima kuwe kuwasahau watoto. Katika ile miaka wafanyakazi wa jumba walifanya kazi na watoto na shule za mtaani katika kubuni kumbi mpya, na mwaka 2024 jumba likapewa tuzo ya Art Fund ya makumbusho bora ya mwaka. Ukiwa na mafundi miguuni na wageni kichwani hupati nafasi ya kufikiri namna ile.

Mwanzisha mada

Dada yangu, umeitetea hoja yako vizuri, lakini uko katika mji ambao mzazi akikuta mlango mmoja umefungwa anapanda basi na kwenda makumbusho mengine, na mengi kati ya hayo ni ya bure. Nihamishie hoja hiyo Kisumu. Jumba la makumbusho la pale, lililofunguliwa mwaka 1980, likifungwa miaka mitatu, mwalimu wa shule ya msingi ya jirani atawapeleka wapi wanafunzi wake? Kitale? Nauli ya basi la darasa zima kwenda na kurudi ndiyo inayoiua safari, si hamu ya mwalimu wala ya watoto.

Tena Kisumu inanipa hoja ya kumjibu mhandisi. Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, liko nje. Ukumbi wa ndani ukifungwa kwa sababu ya hilo vumbi la silika, nani amesema boma nalo lifungwe? Majumba yetu mengi yana ua, bustani, na maonyesho yasiyo na paa moja. Tatizo ni kwamba neno “ukarabati” likishatamkwa, komeo hupigwa kwenye geti la barabarani, na vyote vilivyo ndani ya ua huadhibiwa pamoja.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Niongeze kwa ufupi. Kijiji cha Makumbusho hapa Kijitonyama kimekuwapo tangu 1966, na nyumba zake za asili ni za udongo, miti na makuti au nyasi. Nyumba za namna hiyo haziwezi kungoja mradi mkubwa wa mara moja. Huezekwa na kukandikwa upya moja moja, na watoto huwatazama mafundi. Kwa maoni yangu kumwona fundi akifunga fito humfundisha mtoto kuliko kibao cha maelezo. Hata penye ujenzi wa kisasa, tundu la kuchungulia likitobolewa kwenye uzio kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano, mzazi atapata shida kumwondoa pale winchi inaponyanyua nondo.

Mchangiaji (Unguja)

Assalaam alaykum nyote. Mnaongea kana kwamba majengo yote yamesimama imara na suala ni vumbi na kelele. Beit al Ajaib, jumba la makumbusho la hapa kwetu lililokuwa la kifalme, iliyojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, ilifungwa kwa wageni mwaka 2012 baada ya sehemu yake moja kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara, na wafanyakazi wawili wakafariki. Hebu fikirini siku ile kungekuwa na msafara wa madrasa au wa skuli ndani. Aliyelifunga jumba lile aliokoa roho, na hakuna hoja ya muhula wala ya KCPE inayoweza kupimwa na hilo.

Lakini sitaki nieleweke nusu. Jumba lilifungwa bila watu kuambiwa litafunguliwa lini, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka minane lilipoanguka, hajawahi kupanda ngazi zake hata mara moja. Kufunga kwa usalama na kufunga kwa kusahau huanza kwa tangazo lile lile, na mzazi aliyesimama barabarani hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili analolisoma.

Mwanzisha mada

Hapo ndugu yangu wa Unguja amenisaidia kunoa nilichokuwa nikikitaka. Jengo lisilosimama kwa nguvu zake lifungwe leo, wala lisingoje kikao. Kwa mengine yote napendekeza kwamba siku za kufunga ziandikwe ndani ya zabuni kama mkandarasi anavyoandikiwa mifuko ya saruji: jumba hili litafungwa siku hizi, kwa kazi hizi za ndani, na kila siku inayozidi inakatwa katika malipo yake. Kazi za kelele ziwekwe Jumatatu ikiwa jumba hupumzika siku hiyo, na zile nzito za ndani zipangwe wiki za mitihani, wakati shule hazisafiri. Aprili, Agosti na Desemba, watoto wakiwa nyumbani, milango iwe wazi. Ratiba hiyo ibandikwe langoni, na ipelekwe shuleni muhula mmoja kabla.

Mhandisi, Mombasa

Mwalimu, faini hiyo ya kila siku ndiyo inayonitia hofu kuliko yote uliyoyasema. Mkandarasi anayekatwa fedha kwa kila siku ya kufunga atafungua siku ambayo hakupaswa kufungua, na gundi ya kizuizi chake itakuwa imebandikwa usiku wa manane na kijana aliyechoka. Ikiwa mtaiandika faini, basi andikeni na kifungu cha pili: mtu mmoja asiyelipwa na mkandarasi wala na idara ya mapato ya jumba, anayepita kila asubuhi kabla ya saa mbili, anapangusa kabati kwa kitambaa cheupe, anahesabu milango ya kutokea, na ana ruhusa ya kusema “leo hapana” bila kumpigia mtu yeyote simu, na siku hiyo isihesabiwe kwenye faini. Mkinionyesha mshahara wa mtu huyo kwenye bajeti, nitahamia upande wako.

Mwanzisha mada

Mshahara wake nauunga mkono. Lakini swali la kumwajiri bado liko kwenu: akiajiriwa na jumba, yuko chini ya mkurugenzi aliyekwisha kuuza tiketi; akiajiriwa na kaunti, atakuja siku atakayopata gari. Mimi ningemtafuta katika kamati ya wazazi na walimu wa shule za jirani. Wenye mawazo bora, karibuni.